HELMETI YA PILI: IFUNGE HIVI UNAPOPELEKA ODA

Leo tuongee kitu ambacho wengi tunakipuuza: helmeti ya abiria.

Mimi niko Buigiri, nauza viatu vya watoto mtandaoni. Nikienda Dodoma mjini na pikipiki nabeba oda za wateja, nikirudi nampakia mdogo wangu anayenichagulia mali. Barabara yetu ndiyo hiyo hiyo ya malori ya Rwanda na Burundi. Kumpakia mtu pale bila helmeti ni kucheza na roho yake. Shirika la Afya Duniani linataja kwamba helmeti inapunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42, na kuumia kichwa asilimia 69. Kwa hiyo ya pili lazima iwepo, tena ifike nzima.

1. Usiitundike kwenye usukani wala kioo cha pembeni. Inacheza, inasumbua ukikata kona. Ikidondoka kwenye lami, povu gumu la ndani linabonyea bila wewe kuona, na haikingi tena kama mwanzo.

2. Funga kwanza boksi la oda kwenye keria, helmeti iwe juu. Pitisha mkanda wa kidevu kwenye chuma cha keria, ufunge. Kisha kaza vipande viwili vya mpira wa tyubu vikatize juu yake. Itikise kwa mkono. Ikicheza, kaza upya. Angalia isiguse ekzosi, na ncha za mpira zisifike kwenye tairi au cheni.

3. Usijaze bidhaa ndani yake, hasa chupa na vitu vyenye ncha. Wala usiibebe na kidumu cha petroli, maana petroli inayeyusha lile povu.

4. Ukishuka kwa mteja, pitisha cheni ya kufuli kwenye uwazi wa usoni, kama helmeti yako ina sehemu ya kidevu. Usitegemee mkanda, mwizi anaukata kwa kisu. Kama ni ya uso wazi, ingia nayo ndani.

5. Vumbi la huku mnalijua. Ifunike na mfuko wa salfeti, abiria aikute safi, asipate kisingizio cha kutovaa.

Viatu vikiharibika njiani naagiza vingine. Kichwa cha mdogo wangu sina pa kukiagiza.

Wewe ya kwako unaifungaje?