Chai, damu na moto: watafiti wamegundua nini juu ya kikombe chetu cha kila siku?



Katika Vitshumbi chai iko pahali pote. Mvuvi anayetoka ziwani asubuhi na baridi mwilini anaitafuta kwanza. Mama anayeuza mandazi karibu na ufuko anaiuza pamoja nayo. Nyumbani inafuata bugali na maharagi, na mara nyingi mtoto naye anapewa kikombe chake. Lakini tukiuliza kama chai inafaa kwa mwili, tunasikia majibu mawili yanayopigana. Mmoja anasema chai ni dawa, inasafisha mwili na kurefusha maisha. Mwingine anasema chai inamaliza damu. Nani anasema kweli?

Watafiti wamefanya kazi nyingi juu ya mti wa chai na juu ya watu wanaoinywa. Tumekusanya hapa yale yaliyo wazi na yanayoweza kusaidia jamaa zetu. Kwa kifupi: wale wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kitu kikubwa zaidi ni saa ya kunywa na moto wa kikombe.

Mti ni mmoja tu

Watu wengi wanafikiri chai nyeusi na chai ya kijani zinatoka kwenye miti miwili. Sivyo. Zote ni majani ya mti mmoja, ambao jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis. Una aina mbili kubwa: ile ya China yenye majani madogo, na ile ya Assam, kule India, yenye majani makubwa. Hii ya Assam na machotara yake ndiyo imeenea zaidi Afrika ya Mashariki. Kenya ilipanda chai yake ya kwanza Limuru mwaka 1903.

Tofauti inakuja baada ya kuchuma. Mchumaji anakata majani mawili na chipukizi. Kama majani yanapashwa moto upesi, yanabaki kijani. Kama yananyaushwa, yanasagwa na kuachwa yapate hewa, yanageuka rangi kama vile tunda la parachichi linavyogeuka kahawia likikatwa. Kisha yanakaushwa, na hiyo ndiyo chai nyeusi tunayoinunua sokoni.

Kwa nini chai haipandwi Vitshumbi?

Hata bila sheria ya hifadhi, inayokataza kulima ndani ya Virunga, mti wa chai usingefurahi hapa kwetu. Ziwa Edward liko karibu mita 900 tu juu ya bahari, na uwanda wetu una joto na jua kali. Mti wa chai unapenda milima, baridi kidogo, mvua inayogawanyika vizuri mwaka mzima, na udongo wenye uchachu. Ndiyo maana mashamba ya Kivu ya Kaskazini yako juu milimani, kama Butuhe karibu na Butembo na Ngeri kule Masisi. Kivu ya Kusini, kituo cha Mulungu kilichokuwa cha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, na ambacho leo ni cha INERA, ni kati ya vituo vya zamani vya utafiti wa mazao ya milimani katika nchi yetu.

Kwa wakulima wa milimani wanaosoma gazeti hili, kuna somo moja kutoka Kericho, Kenya, ambako kituo cha utafiti wa chai kilianza mwaka 1951. Chai ikipandwa kwa mbegu, kila mti unakuwa na tabia yake, juu mti mmoja unachukua chavua ya mwingine. Watafiti walichagua miti bora, wakakata vipande vidogo vya tawi, kila kipande na jani lake moja, wakaviotesha. Miti yote inayotoka hapo inafanana na mama yake: inazaa vizuri, na inachumwa kwa wakati mmoja. Lakini faida hiyo ina bei yake. Mti wa kipande hauna mzizi mkuu unaoshuka chini kama ule wa mbegu, kwa hiyo ukame unaweza kuuumiza upesi. Tena, shamba la aina moja tupu likipata ugonjwa ambao aina hiyo haiuwezi, linaumia lote. Kwa hiyo mkulima mwenye akili anachanganya aina mbili au tatu.

Mwaka 2011 watafiti wa Kenya walitoa pia aina ya majani ya zambarau. Rangi ile ni ya jamii moja na rangi ya ganda la birinjani.

Ndani ya jani kuna nini?

Mwaka 2017 wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamesoma maandishi ya urithi ya mti wa chai, yaani yale maagizo yaliyo ndani ya kila chembe yanayoujenga mti. Ni marefu sana, karibu herufi bilioni tatu. Kati ya mambo yaliyoonekana, moja linatugusa sisi watu wa kahawa: chai na kahawa zote zina kafeini, lakini kila mti ulijifunza kuitengeneza kwa njia yake mwenyewe. Si urithi wa babu mmoja. Kwa mti, kafeini ni silaha ya kujikinga na wadudu. Kwa sisi, ndiyo inayofukuza usingizi. Kikombe cha chai kwa kawaida kina kafeini pungufu ya nusu ya kikombe cha kahawa.

Kitu cha pili ndani ya jani ni zile dawa za asili zinazokaza ulimi, ambazo wataalamu wanaziita polifenoli. Ndizo zinazoipa chai uchungu na rangi. Ndizo zinazosifiwa kwamba zinalinda mwili, na ndizo hizo hizo zinazoleta shida ya damu. Tuone namna gani.

Chai na chuma cha damu

Damu inahitaji madini ya chuma. Bila chuma, mtu anachoka, anapata kizunguzungu, mtoto hakui vizuri, na mama mwenye mimba anaenda kujifungua na damu haba. Hapo kutoka damu kidogo tu kunaweza kuwa hatari ya kifo. Hii si hadithi ya mbali, wamama wa kwetu wanaijua.

Chuma tunakipata kwa njia mbili. Kuna cha nyama na samaki, ambacho mwili unakishika vizuri. Na kuna cha maharagi, sombe, lenga-lenga na nafaka, ambacho mwili unakishika kwa taabu. Polifenoli za chai zinakamata hiki cha pili tumboni kabla mwili haujakichukua, na kinatoka bure pamoja na choo. Chai haili damu iliyo tayari mwilini. Inazuia ile chuma ambayo ingetengeneza damu mpya.

Jambo hili lilionyeshwa Afrika Kusini mwaka 1975. Mwaka 1999 watafiti wengine walipima watu wazima waliokula mkate: walipokunywa chai nyeusi pamoja nao, mwili ulipoteza kati ya asilimia 79 na 94 ya chuma ambacho ungekipata kama wangekunywa maji matupu. Maziwa ndani ya chai hayakuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo usijidanganye kwamba chai ya maziwa iko salama.

Lakini kuna habari njema. Mwaka 2017 utafiti wa Uingereza juu ya wanawake ulionyesha kwamba chai ikinywewa saa moja baada ya chakula, ile hasara inapungua sana. Kumbe si lazima kuacha chai. Inatosha kuitenga na sahani.

Hapa watu wa ziwani tuna bahati ambayo watu wengine hawana. Nyama ya samaki ina chuma ambacho chai haikigusi sana, na tena inasaidia mwili kushika chuma cha maharagi yaliyo kwenye sahani ile ile. Ndimu, tomati, embe na mapera navyo vinasaidia. Sahani ya maharagi na kipande cha tilapia na ndimu juu yake inaleta damu kuliko maharagi peke yake na kikombe cha chai pembeni. Kwa hiyo tuangalie: tukiuza samaki wote Goma na Butembo, na nyumbani watoto wanabaki na bugali na chai, tunauza damu ya watoto wetu. Samaki wadogo wasio na bei sokoni wana nguvu ile ile sufuriani.

Moto wa kikombe

Jambo la pili wengi hawalijui. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya OMS, lilisema kwamba vinywaji vya moto sana, kupita nyuzi 65, inaelekea vinaleta kansa ya umio, ule mfereji unaoshusha chakula tumboni. Si chai yenyewe inayoshitakiwa, ni moto wake. Moto unachoma ngozi laini ya umio kila siku, na kidonda kinachorudi-rudi miaka mingi kinaweza kugeuka.

Katika jimbo la Golestan, Iran, ambako watu wanapenda chai ya moto, watafiti walifuata watu zaidi ya 50,000 kwa miaka mingi. Matokeo yalitoka miaka ya karibuni: waliokunywa chai nyingi, zaidi ya mililita 700 kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari karibu mara mbili kuliko waliokunywa kidogo na iliyopoa. Ugonjwa huu uko mwingi pia katika ukanda wa Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia mpaka kusini. Ndiyo maana watafiti wanauliza wagonjwa wa Kenya, Tanzania na Malawi juu ya moto wa chai na uji wao.

Hapa kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kikombe kinachotoka moja kwa moja kwenye sufuria ao termosi kiko juu sana ya mpaka ule. Kama unalazimika kupuliza na kuvuta kwa sauti, bado. Ngoja dakika kadhaa, ao mimina kutoka kikombe hiki kwenda kile.

Je, chai inarefusha maisha?

Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Uingereza juu ya watu karibu nusu milioni. Wale waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 9 mpaka 13 kuliko wasiokunywa. Ni jambo la kufurahisha, lakini tulisome kwa makini. Watafiti walihesabu tu, hawakugawa chai. Pengine wanywaji wa chai walikuwa na desturi nyingine njema. Na watu wale chakula chao na maji yao si kama vya kwetu. Hatuwezi kuchukua namba ile na kuileta Vitshumbi kama ilivyo.

Kwetu faida ya kwanza ya chai ni nyingine kabisa: maji yamechemshwa. Kipindupindu kinatujia kwa maji machafu, na maji yaliyochemka sawasawa yanaua mdudu wake. Lakini kikombe kikioshwa na maji mabichi ya ziwa, kazi ya moto imepotea. Wamama wauza chai, tafadhali, vikombe vioshwe kwa maji safi yaliyotiwa dawa ao yaliyochemshwa.

Tuonye pia juu ya ile inayoitwa "chai ya artemisia". Hiyo si chai. Ni mmea mwingine, ambao wataalamu wanatoa ndani yake dawa ya malaria kwa kipimo. Kikombe cha nyumbani hakina kipimo, na OMS haikubali kitumiwe kutibu malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya.

Ya kushika nyumbani

1. Kula kwanza. Chai ingojee saa moja baada ya chakula, ao inywewe katikati ya milo.
2. Mama mwenye mimba asimeze vidonge vya chuma kwa chai. Atumie maji safi. Chai na kahawa apunguze.
3. Mtoto wa chini ya miezi sita: ziwa la mama tu, hata chai kidogo hapana. Mtoto mkubwa asishibishwe chai pahali pa chakula.
4. Kipande cha samaki kibaki nyumbani, na ndimu ikipatikana.
5. Chemsha maji mpaka yatokote, kisha acha kikombe kipoe kabla ya kunywa.

Tunaomba viongozi wa koperative walete mambo haya matano kwenye mkutano ujao, na wamama wapewe neno la kwanza, juu wao ndio wanaopanga saa ya chai na wanaogawa samaki. Kubadilisha saa ya chai hakuombi franka hata moja.