Maji Kwanza, Plasta Baadaye: Marekebisho ya Bafu katika Nyumba za Muthurwa

Nyumba haitimii unyumba wake mpaka iwe na mahali pa kujisitiri. Msalani ndipo tunapoogea josho, tunapotawadhia, tunapomwogesha mtoto na kumhifadhi mgonjwa. Ukuta wa mahali hapo ukianza kulowana, rangi ikavimba na plasta ikamomonyoka, karaha humfika kwanza mama wa nyumba, na mara nyingi jibu linalotolewa upesi ni kumwita mwashi apake plasta mpya. Miezi michache baadaye doa hurudi palepale. Juma hili twapenda kueleza kwa nini hurudi, na twachukua mfano wa Muthurwa, Nairobi.

Muthurwa ni mtoto wa reli. Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na kando ya kituo yakajengwa makazi ya wafanyakazi wake. Makazi hayo yaliitwa landi, na hata leo Barabara ya Landhies ina jina hilo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, chumba kikiungana na chumba, na vyoo na mabafu yakawa ya shirika. Katika mpango wa namna hiyo, maji yanayovuja kwa huyu humlowesha yule, na kuacha uvujaji uendelee ni kumdhulumu jirani.

Wakazi wa Muthurwa waijua thamani ya maji na stara kuliko wengi. Mwaka 2010, wapangaji kumi na wawili, akiwemo Bi Satrose Ayuma, walikwenda Mahakama Kuu kwa niaba yao na ya wenzao kupinga kuondolewa na wadhamini wa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo la kukatiwa maji. Hukumu ilitolewa na Jaji Isaac Lenaola tarehe 30 Agosti 2013, akasisitiza kuwa mtu hapaswi kutolewa katika makazi yake pasipo kuheshimiwa utu wake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja kwa pamoja haki ya makazi ya kufaa na ya usafi wa kiwango kinachostahili. Basi bafu si pambo la nyumba. Lakini hukumu haizibi paipu, na hapo ndipo kazi ya jamaa wenyewe inapoanza.

Wahenga walituusia kuziba ufa tusije tukajenga ukuta. Bafuni yafaa kwanza kuuliza ufa umeletwa na nini. Maji ya ukutani huwa na vyanzo vinne, na kila kimoja kina njia yake ya kujulikana bila kuvunja chochote.

Cha kwanza ni paipu ya maji safi. Ukuta huwa umelowa usiku na mchana, hata siku ambayo hakuna aliyeoga. Fungeni mifereji yote, someni mita, ngojeni saa mbili, kisha someni tena. Ikiwa imesogea, maji yanatoroka. Fanyeni hivyo siku ya zamu yenu ya maji, kwani wakati wa mgao paipu huwa tupu na jaribio halitaonyesha kitu. Wanaotumia tangi wafunge maji yanayoingia, watie alama mahali maji yalipofika, na watazame asubuhi.

Cha pili ni paipu ya maji machafu. Hapa ukuta hulowana baada ya matumizi, kisha hukauka. Mwageni ndoo ya maji moja kwa moja katika tundu la kutolea maji bila kuilowesha sakafu, na mtu mmoja atazame upande wa pili wa ukuta.

Cha tatu ni sakafu na vigae. Zibeni tundu kwa kitambaa, jazeni maji kina cha vidole viwili, tieni alama, muache mpaka kesho yake. Maji yakishuka sana, sakafu inakunywa.

Cha nne ni mvuke wa maji ya moto. Kausheni sehemu ya ukuta, mbandike kipande cha nailoni na kuziba kingo zake zote, muache siku mbili. Unyevu ukiwa nje ya nailoni, umetoka hewani, na dawa yake ni dirisha. Ukiwa ndani, umetoka ukutani.

Chanzo kikishajulikana, fundi wa mifereji ndiye atangulie. Paipu za chuma za zamani huliwa na kutu kutoka ndani. Ukibadilisha kipande kimoja kinachovuja, msukumo wa maji yanaporudi baada ya mgao hutafuta kiungo kingine kilicho dhaifu. Kwa hiyo ukuta ukishapasuliwa, ni nafuu kubadilisha njia yote iliyomo ndani yake. Paipu za plastiki zinazounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto hazishiki kutu, ila kiungo kisipoyeyuka sawasawa huja kuvuja baadaye.

Hapa pana siku mbili ambazo familia nyingi hazina subira nazo. Kabla ya paipu kufunikwa, fungueni maji, fungeni mifereji, na muache mfereji wa ukutani wazi usiku na mchana. Pitisheni karatasi kavu juu ya kila kiungo. Ikilowa hata kidogo, fundi arudi. Kisha pigeni picha za paipu zote pamoja na kipimo cha futi kando yake, ili atakayetoboa ukuta siku za mbele ajue zilipopita. Malipo ya mwisho ya fundi wa mifereji yatolewe baada ya jaribio hili, na mwashi asiitwe kabla yake. Mafundi wawili wakija siku moja, mmoja huficha kosa la mwenziwe bila kukusudia.

Sasa ni zamu ya mwashi. Plasta iliyolowa ibanduliwe yote, na ipitilize kidogo hadi palipo pakavu, kisha ukuta uachwe ukauke. Unga mweupe unaochanua juu yake ni chumvi, nao usuguliwe kwa burashi kavu, kwani kuuosha ni kuirudisha ndani. Mchanganyiko ufaao bafuni ni ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne za mchanga safi. Jamaa zetu wa pwani wajihadhari na mchanga wa baharini, maana chumvi yake huvuta unyevu. Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya kupakwa, plasta isizidi takriban milimita 15 kwa mkono mmoja, na mchanganyiko ulioanza kushika usiongezwe maji ili utumike tena. Plasta ya jasi ipendezayo sebuleni haifai kamwe mahali pa kuogea. Baada ya kupakwa, imwagiwe maji kwa siku saba ili ikomae bila nyufa. Kabla ya vigae, pakeni dawa ya kuzuia maji ukutani na hasa katika pembe ambapo ukuta unakutana na sakafu. Sakafu nayo iteremke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu, na mwashi aithibitishe kwa pima maji mbele yenu.

Kuta za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina hukumu yake. Hizo hupumua, na saruji huzifungia unyevu ndani. Zipakwe chokaa kama zilivyoasisiwa.

Mkiwa wapangaji, kama walivyo wa Muthurwa, msianze kabla ya kuafikiana na mwenye nyumba kwa maandishi nani atalipa nini, na kama gharama zitakatwa katika kodi. Bafu likiwa la shirika, wote wanaolitumia waketi pamoja, wanawake wakiwemo, kwa kuwa ndio watakaohitaji mahali pa kuogea kwa stara siku za kazi. Na choo kikiwa kinabadilishwa, elezeni mapema kuhusu kibla. Mombasa kibla ni takriban kaskazini barabara, na Nairobi ni kaskazini ikielemea mashariki kidogo. Kugeuza choo kabla ya saruji ni kazi ya dakika chache, na baada yake ni kuvunja sakafu.

Twajua wengi hutamani nyumba ipendeze kabla ya Idi. Basi fundi wa mifereji aitwe Rajabu, mwashi aje Shaabani, na rangi ingoje plasta ikauke. Wageni wa Idi watauona ukuta mkavu, na jirani wa upande wa pili atakuwa na wake mkavu pia.