Tofauti za Jeni za Kinga na Hatima ya Wagonjwa Mahututi: Funzo la UVIKO-19

Watu wawili wa umri mmoja na afya inayolingana waweza kuambukizwa virusi vilevile, mmoja akapona nyumbani na mwingine akawa mahututi. Sehemu ya sababu imo katika jeni za kinga ya mwili. Utafiti wa GenOMICC, uliochapishwa mwaka 2020, ulichunguza vinasaba vya wagonjwa 2,244 wa UVIKO-19 kutoka vitengo 208 vya wagonjwa mahututi nchini Uingereza.

Jeni mbili zinadhihirisha njia mbili za madhara. IFNAR2 huunda kipokezi cha interferoni, protini zinazozuia virusi kuongezeka. Utendaji wake ukiwa hafifu, hatari hupanda. TYK2 hupitisha ishara za kinga ndani ya seli; ikizidi kipimo, kinga yenyewe huyadhuru mapafu. Matokeo hayo yalitia nguvu hoja ya kutumia barisitinibu, dawa inayodhibiti ishara za aina hiyo. Mwaka 2022, jaribio la RECOVERY lilithibitisha kuwa dawa hiyo hupunguza vifo.

Hata hivyo, si kila tokeo linahamishika. Kipande cha kromosomu ya 3 kilichohusishwa zaidi na hali mahututi kilirithiwa kutoka kwa Waneandertali; kimeenea Asia Kusini, ilhali Afrika ni nadra mno. Kipimo cha hatari kinachokitegemea hakitamtambua mgonjwa wa Kampala au Bujumbura. Kwa hiyo, sera za tiba katika ukanda huu zinahitaji ushahidi wa vinasaba uliokusanywa, kwa ridhaa, miongoni mwa wagonjwa wa ukanda wenyewe.