Mtoto mwenye kifafa anapopoteza maneno

Mzazi wa Cheptiret, nje kidogo ya Eldoret, humwona mwanawe akiitwa na asiitike, akamdhania kiziwi au mkaidi. Huenda chanzo ni kifafa.

Mwaka 1957 Wamarekani William Landau na Frank Kleffner walieleza hali iliyo nadra: mtoto aliyekwisha kuzungumza vyema, aghalabu wa miaka 3 hadi 8, huacha kuelewa maneno, kisha naye hunyamaza. Masikio yakipimwa, ni mazima. Hitilafu hudhihirika zaidi akiwa usingizini, umeme wa ubongo unapovurugika, na wengine hawaanguki kamwe.

Hata kifafa cha kawaida huweza kuchelewesha usemi. Huko Kilifi, utafiti wa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa baadhi ya watoto walionusurika malaria kali walibaki na kifafa na upungufu wa lugha.

Kwa hiyo mzazi aandike maneno yaliyopotea na tarehe, ampeleke mtoto katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, na asikatishe dawa ghafla. Viboko, ambavyo baadhi yetu hukimbilia, havirudishi neno hata moja.