Hujui Kuchora? Tupa Dadu: Vile Gemu ya Mazimwi Inaweza Kukufunza Hapo Hapo Diani

Mara ya mwisho kuchora kitu ilikuwa lini? Ile moyo yenye mshale uliyochora nyuma ya daftari la hesabu haihesabiki.

Kama wewe ni kama wasee wengi, uliacha ukiwa darasa la nne hivi. Kuna mwenzako alichora gari likakaa gari. Wewe ukachora lako likakaa kiatu. Darasa likacheka, ukajiambia, "Mimi sina kipaji," na stori ikaishia hapo.

Leo nataka nikuonyeshe njia ya kurudi. Haina ada wala mwalimu. Inataka biro, daftari, na dadu moja ya Ludo, hio hio mnayogombania hapo kibandani jioni. Njia yenyewe nimeitoa kwa gemu ya mezani, na kabla hujasema "hizo ni za wazungu," nipe dakika mbili.

Kwanza, hii gemu ni gani?

Inaitwa Dungeons & Dragons. Ilitoka Marekani mwaka wa 1974, ikatungwa na jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake.

Ukiskia hivyo inakaa ngumu, lakini nusu ya hio gemu unaijua kitambo. Bibi akisema "Paukwa!" wewe ukajibu "Pakawa!", mlikuwa mmeshaanza. Tofauti ni moja: hapa Sungura ni wewe. Msimulizi anakwambia umefika mtoni na Simba yuko nyuma yako, sasa unafanya nini? Ukisema unaruka, unatupa dadu yenye pande 20. Ikija 18, umevuka. Ikija 2, pole kaka, umelowa.

Mimi nilifunzwa na beshte yangu mmoja, msimu wa masika, mvua imetufungia kwa keja Ukunda. Mnajua vile Diani hukaa masika: ufuo mtupu, kazi hakuna, hata bichi boi wanalala saa tatu asubuhi. Beshte akasema kila mtu achore mhusika wake. Wangu alikuwa mvuvi wa Msambweni ameshika mkuki. Nikachora kwa bidii yote. Beshte akaangalia, akaniuliza kwa upole, "Huyu ni mpishi? Mbona ana mwiko?"

Hio ndio ilikuwa siku ya kwanza.

Mazimwi makubwa yalianza na vitoi vya plastiki

Kuna kitu kuhusu hii gemu kilinipa nguvu. Michoro ya vile vitabu vya kwanza vya 1974 haikuwa ya mastaa. Mingine ukiiangalia sai unacheka. Na baadhi ya mazimwi yao maarufu yalianzaje? Gygax alinunua mfuko wa vitoi vya plastiki vya bei rahisi, vimetengenezwa Hong Kong, vya wanyama wasioeleweka. Akaviweka mezani, akavipa majina na tabia. Kimoja kikawa zimwi linalokula chuma. Kingine kikawa nusu bundi, nusu dubu. Mpaka leo, miaka 50 baadaye, wachezaji wanayajua.

Sasa jiulize. Kama kitoi cha plastiki kiliweza kutoa zimwi, wewe unayeishi Kwale umekosa nini? Hapo barabara ya Diani juu ya kichwa chako kuna mbega wanavuka kwa madaraja ya kamba. Shimba Hills kuna palahala, na Kenya nzima hawapatikani porini mahali pengine. Gazi kuna mikoko imesimama kwa mizizi utadhani inataka kutembea. Mali unayo, manze. Umekosa tu wa kukuambia uanze na gani.

Hio kazi tunampa dadu.

Jedwali lako la Kwale

Shida ya kwanza ya mtu anayeanza si mkono, ni ukurasa mweupe. Unakaa, unafungua daftari, unajiuliza "nichore nini?", dakika kumi zimeisha, umeingia TikTok. Wachezaji wa hizi gemu walitatua hilo kitambo. Msimulizi akikosa wazo, ana jedwali. Anatupa dadu, na dadu inasema nani amejitokeza njiani.

Andika hili kwa ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Dadu ya kwanza inachagua safu:

1. Viumbe: mbega, palahala, kaa, ndovu, kasa, kunguru.
2. Miti na mahali: mbuyu, mkoko, mnazi, mwamba wa ufuoni, msikiti wa kale, pango.
3. Usafiri: ngalawa, dau, bodaboda, tuktuk, matatu, feri ya Likoni.
4. Jikoni: mbuzi ya nazi, kinu, jiko la makaa, birika, ungo, kifumbu.
5. Watu kazini: mvuvi, muuza madafu, mama wa viazi karai, fundi cherehani, mkwezi, bichi boi.
6. Zimwi!

Dadu ya pili inachagua kitu ndani ya hio safu. Ukitupa 3 halafu 1, leo ni ngalawa. Ukitupa 4 halafu 1, leo ni mbuzi ya nazi, nenda ukaombe jikoni.

Ukipata 6 mwanzoni, hapo ndio raha. Tupa tena mara mbili: ya kwanza inakupa kichwa kutoka safu ya viumbe, ya pili inakupa mwili kutoka safu ya jikoni. Kichwa cha kasa, mwili wa birika. Kichwa cha kunguru, mwili wa jiko la makaa. Piga hesabu: safu tano za vitu sita ni 30, na mazimwi ni 6 mara 6, yaani 36. Jumla ni vitu 66 tofauti, kutoka kwa dadu ya Ludo.

Kisha tupa mara ya mwisho upate balaa la leo:

1. Dakika tano tu, basi.
2. Hakuna kufuta, raba weka mbali.
3. Tumia mkono ambao hujauzoea.
4. Usiinue biro mpaka umalize.
5. Chora kivuli tu, bila ndani.
6. Chora mara mbili: kwanza kwa kukumbuka, halafu ukikitazama.

Hio ya sita iheshimu. Itakuonyesha kitu cha kushangaza: umeishi na ngalawa maisha yako yote na hujawahi kuiangalia.

Kuchora ni kuangalia

Niliposema nachora ngalawa kwa kukumbuka, nilitoa ndizi yenye kitambaa. Nikashuka ufuoni nikaketi mbele ya moja. Kumbe kuna mbao mbili za pembeni, moja kila upande, zimeshikwa na miti inayokatiza juu ya chombo. Hizo ndizo zinazoizuia isipinduke. Zote mbili nilikuwa nimezisahau. Ngalawa yangu ingezama kabla ya kutoka ufuoni.

Ni hivyo kwa kila kitu. Kichwa chako kina alama ya kitu, kama emoji, na mkono unachora hio alama. Ukitaka kutoka hapo, uliza maswali madogo. Mkono wa mbega ukoje? Ukiangalia vizuri utaona hana kidole gumba cha maana, ni vidole vinne vya kushika tawi kama kulabu. Zile nywele nyeupe za mabegani zinaanzia wapi? Mbuzi ya nazi ukiiangalia kwa ubavu ni X, halafu kuna ulimi wa chuma wenye meno. Anza na hio X, mengine yatakuja.

Kwa mkoko kuna ujanja mwingine. Usichore mizizi. Chora nafasi zilizo katikati ya mizizi, zile pembe tatu na matao. Ukimaliza matao, mizizi imejichora yenyewe.

Na kama dadu imekupa palahala na wewe uko Msambweni, tumia picha ya simu. Pembe zake zinarudi nyuma kama upinde. Weka huo upinde kwanza, kichwa baadaye.

Pointi hazifutiki

Sasa tufike kwa kitu kilichonifanya niandike hii stori.

Apu nyingi zinakufunza kuhesabu siku mfululizo. Siku 40, siku 41, halafu siku moja stima imepotea, simu imezima, umeamka ni sifuri. Nini hufuata? Unaacha. Unaona kazi yote imeenda bure.

Gemu ya mezani haihesabu hivyo. Mhusika wako anakusanya pointi za uzoefu. Akipigana anapata, akikaa nyumbani hapati, lakini hakuna mtu anakuja usiku kumpokonya alizopata jana. Katika sheria zilizotoka 2014, ukifika pointi 300 unaingia levo ya pili. 900, levo ya tatu. 2,700, levo ya nne. 6,500, levo ya tano.

Mimi najipa pointi 10 kwa kila mchoro, uwe mzuri uwe mbaya. Kwa hivyo levo ya pili ni michoro 30, kama mwezi mmoja. Levo ya tatu ni michoro 90. Ya nne ni 270, karibu miezi tisa. Ya tano ni 650, yaani mwaka mmoja na miezi tisa hivi ukichora kila siku. Umeona vile umbali unaongezeka? Mkono pia uko hivyo. Mwezi wa kwanza utajishangaa. Baadaye mabadiliko yanapungua kasi, na usipojua hilo utadhani umekwama, kumbe uko njiani kati ya levo.

Hili lina maana kwangu kwa sababu moja. Chuo nilikiacha katikati, ada ilikataa. Daftari ninalochorea ni la huko, kurasa za mwanzo zina noti, zingine zilibaki nyeupe. Kwa muda mrefu nilijiona mtu wa kuanza vitu bila kumaliza, na kila kitu nilichoacha kilikuwa ushahidi. Halafu mwaka huu kukapita wiki mbili nzima bila mchoro hata mmoja. Nikafungua daftari nikitarajia sifuri. Pointi zilikuwa pale pale, 1,140. Nikatupa dadu, nikachora ungo, nikaandika 1,150.

Ni hivyo tu. Ulichojifunza jana hakirudi dukani kwa sababu leo umelala.

Heshima kwanza

Kitu kimoja kabla hujatoka nje na daftari. Ukienda Kaya Kinondo, ujue pale si bustani. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na kaya za Mijikenda ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2008. Unaingia na mwenyeji, unafuata wanayosema wazee, na unauliza kabla ya kutoa biro. Msikitini vilevile. Wakikataa, chora mbuyu wa nje, unatosha.

Watu nao si mawe. Ukitaka kumchora mtu, salimia. Mimi dadu ilinipa 5 na 3, nikaenda kwa mama mmoja wa viazi karai hapa mtaani.

"Shikamoo mama. Naomba nikuchore kidogo, sitachelewa."

"Marahaba mwanangu. Chora, lakini kwanza nunua."

Nikanunua, nikachora, nikamwonyesha. Alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, huyu ndiye mimi? Hata karai hulijui!" Akaita na jirani aje aone. Nikaandika pointi 10 zangu nikaenda, masikio yanawaka.

Dadu ikanirudisha kwake miezi mitatu baadaye. Safari hii niliangalia: vile anasimama kwa mguu mmoja akigeuza, vile leso imefungwa kiunoni, vile mvuke unaficha nusu ya uso. Nikampa daftari. Hakucheka. Aliangalia kidogo, akafuta mkono kwa leso, akauliza kama naweza kuutoa huo ukurasa ampelekee binti yake.

Nikautoa.

Sasa wewe, dadu ya Ludo iko wapi? Tupa mara tatu, usibishane nayo, na tarehe uandike pembeni. Mchoro wa kwanza utakaa kiatu. Jipe pointi 10, kesho tupa tena.