Meno Yaliyofungwa Waya na Safari ya Kuhamia Nchi Nyingine

Kunyoosha meno ni kazi ya muda mrefu. Aghalabu mgonjwa hufungwa waya kwa miezi 18 hadi 24, na katika muda huo humwona daktari kila baada ya wiki nne hadi nane. Katika miaka miwili mambo mengi huweza kutokea: mzazi akahamishwa kazi, mwanafunzi akapata nafasi ya masomo ng'ambo, au jamaa nzima ikahama. Uchukuliwe mfano wa msichana wa miaka 14 aliyeanza matibabu mjini Dar es Salaam. Baada ya miezi tisa baba yake anapelekwa ubalozini Washington, Marekani. Meno ya binti huyo hayajafika mahali yalipokusudiwa, wala hayapo tena mahali pa zamani. Je, daktari wa huko aweza kuishika kazi pale ilipoachwa? Aweza, lakini kwa taabu kubwa kuliko watu wanavyodhani, na sababu zake zimo katika mfupa, katika vyuma, na katika namna ya kuandika.

Jino husogeaje?

Wengi hufikiri kuwa waya hulivuta jino kama vile fundi anavyovuta msumari ubaoni. Sivyo. Mzizi wa jino haukugandamana na mfupa wa taya. Umeshikiliwa ndani ya tundu lake kwa utando wa nyuzinyuzi, wenye unene wa kama robo ya milimita. Waya ukilisukuma jino, utando hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Upande uliobanwa hutokea seli zinazoumeng'enya mfupa, na upande uliovutwa hutokea seli zinazojenga mfupa mpya. Basi tundu lenyewe ndilo linalohama, mithili ya shimo linalochimbwa upande mmoja huku likifukiwa upande wa pili. Carl Sandstedt wa Sweden alilionyesha jambo hili kwa majaribio juu ya mbwa, mwanzoni mwa karne ya 20.

Nguvu inayotakiwa ni ndogo. Kuliinamisha jino huhitaji nguvu ya kiasi cha gramu 35 hadi 60 tu. Ikizidishwa mno, mishipa ya damu iliyomo katika utando hubanwa, seli hufa, na jino husimama mpaka sehemu iliyokufa iondolewe. Ndiyo maana daktari hana haraka: mwendo wa kama milimita moja kwa mwezi ni mwendo mzuri.

Kutokana na hayo msomaji ataona kwamba matibabu hayasimami kwa sababu tu mgonjwa amepanda ndege. Nyaya za aloi ya nikeli na titani, zilizoanza kutumika katika kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, huweza kuendelea kusukuma kwa miezi kadhaa. Mipira inayovuta meno, kwa upande wake, hupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi katika siku ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa asiyeonwa na daktari hubaki na meno ambayo baadhi yake yanakwenda na mengine yamesimama, bila mtu wa kuyaongoza. Kishikizo kimoja kikibanduka, jino lake huanza kurudi au kupinda. Tena chakula hunasa kandokando ya vyuma, bakteria hutengeneza asidi, na katika wiki nne tu madoa meupe huweza kuonekana juu ya enameli. Meno yakinyooka vibaya yaweza kunyooshwa tena. Enameli iliyopotea haioti.

Vyuma visivyolingana

Vile vipande vidogo vinavyogandishwa juu ya meno, ambavyo hapa vinaitwa vishikizo, vina mfuo mwembamba unaopitisha waya. Asili yake ni kazi ya Edward Angle wa Marekani, aliyevumbua katika miaka ya 1920 kishikizo chenye mfuo wa pembe nne. Angle alitumia nyaya za dhahabu, na upana wa mfuo wake ulikuwa inchi 0.022, yaani kama milimita 0.56. Baadaye dhahabu iliachwa, zikaja nyaya za chuma kisichoshika kutu. Kwa kuwa chuma hicho ni kigumu kuliko dhahabu, waya mwembamba zaidi ulitosha, na baadhi ya wataalamu wakapunguza mfuo hadi inchi 0.018, au milimita 0.46. Tangu hapo dunia ina mifuo ya aina mbili. Tofauti yake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, lakini waya mnene wa mfuo mkubwa haungii katika mfuo mdogo, na waya wa mfuo mdogo ukitiwa katika mkubwa hucheza, usiweze kuutawala mzizi.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Tangu miaka ya 1970, kufuatia kazi ya Lawrence Andrews, vishikizo vingi hutengenezwa vikiwa na mwinamo wake ndani, ili waya ulionyooka uweze kulipa kila jino mlalo wake. Lakini wataalamu hawakukubaliana juu ya mwinamo huo. Kwa jino la mbele la juu, Andrews alitaka nyuzi 7. Mfumo wa Roth hutumia nyuzi 12, na mfumo mwingine uliotokea katika miaka ya 1990 hutumia 17. Daktari wa Washington akivitazama vishikizo vya yule binti hawezi kujua ni vya mfumo gani, isipokuwa aambiwe. Asipoambiwa, mara nyingi huona ni salama zaidi kuvibandua vyote na kugandisha vyake. Hapo gharama huanza upya, na muda vilevile.

Nambari moja, meno mawili

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika barua. Katika nchi nyingi duniani meno huhesabiwa kwa tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huonyesha robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwa mgonjwa, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, na 4 chini kulia. Ya pili huonyesha nafasi ya jino kuanzia katikati kwenda nyuma. Basi 14 husomwa "moja-nne", na maana yake ni gego dogo la kwanza la juu kulia. Hili ndilo jino ambalo mara kwa mara hung'olewa ili meno yaliyosongamana yapate nafasi.

Marekani hufuata hesabu nyingine. Huko huanza na gego la mwisho la juu kulia, wakaliita 1, wakazunguka hadi 16 upande wa juu kushoto, kisha wakashuka chini na kurudi mpaka 32. Katika hesabu hiyo 14 ni gego kubwa la kwanza la juu kushoto, jino linaloota mtoto akiwa na umri wa kama miaka sita na ambalo ni nguzo ya kutafuna. Barua inayosema tu "jino 14 ling'olewe" inataja, kwa wasomaji wawili, meno mawili yasiyo na uhusiano wowote. Daktari mwangalifu atashtuka na kuuliza, lakini usalama wa mgonjwa haufai kutegemea mshtuko. Barua iliyo njema huliandika jina la jino kwa maneno kamili, pamoja na upande wake.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kwa desturi ya Afrika Mashariki 3/4 ni tarehe 3 Aprili, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Mwezi uandikwe kwa jina.

Vitu vya kuchukuliwa

Kwa kuwa daktari mpya hakuyaona meno yalivyokuwa mwanzo, hana budi kupewa kumbukumbu za mwanzo: picha za uso na kinywa, eksirei ya taya zote, eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa ubavu, na umbo la meno, ama la plasta ama lililopimwa kwa mashine na kuhifadhiwa katika kompyuta. Pamoja nazo iwepo barua inayoeleza shabaha ya matibabu, upana wa mfuo, mfumo wa vishikizo, waya uliomo sasa na tarehe ulipotiwa, na malipo yaliyokwisha kutolewa. Chama cha wataalamu wa fani hii cha Marekani kina fomu maalumu kwa kazi hiyo, na fomu hupunguza usahaulifu. Plasta ibebwe mkononi, maana ndani ya sanduku la mizigo huvunjika.

Si kila mgonjwa apaswaye kusafiri na waya. Aliyebakiza miezi miwili au mitatu ni afadhali amalize kwanza. Anayejua kuwa atahama kabla hata ya kuanza angoje, isipokuwa kama tatizo lake ni la ukuaji wa taya, kwani kipindi cha kubalehe hakingoji mtu. Na asiyekuwa na hakika ya kumpata mtaalamu huko aendako yafaa afunguliwe vyuma vyote kabla ya safari. Mgonjwa huyo hupewa kifaa cha kuyashikilia meno mahali yalipofika, kwa sababu nyuzinyuzi za ufizi hujipanga upya polepole kuliko mfupa, na kwa miezi mingi huendelea kuyavuta meno yarudi nyuma. Kifaa hicho akivae tangu siku ile ile anayofunguliwa, usiku wa safari ukiwamo.