Okidi Zinazopita Tunduma Bila Maua

Okidi nyingi za Nyanda za Juu Kusini hufika Tunduma zikiwa hazina ua wala jani. Ni viazi vidogo ndani ya magunia, vikielekea Nakonde na miji mingine ya Zambia, ambako hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa vikawa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilivushwa kila mwaka. Kwa hiyo mkazi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo ana sababu kubwa kuliko mtalii wa Ulaya ya kwenda uwanda wa Kitulo wakati wa maua, yaani kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili: bidhaa inayopita mlangoni pake huonekana huko ikiwa hai.

Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake, jambo la nadra Afrika. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Katika uwanda huo ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari kuna aina 350 hivi za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Kiangazi nyasi hukauka, na moto ukipita hauui kiazi kilichojificha chini. Mvua zikianza, shina huchomoza. Msimu huohuo mmea hujitengenezea kiazi kipya huku cha zamani kikinywea. Mchimbaji hukitaka hicho kipya, kilicho kigumu, na akikichukua ameondoa uhai wa mmea wa mwaka ujao. Mbegu nazo ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa udongoni. Pengo la gunia moja halizibiki kwa mvua moja.

Wapo watakaosema kwamba kiazi hicho ndicho ada ya shule ya mtoto. Ni kweli, na hoja hiyo haipaswi kubezwa. Lakini biashara hii ilihamia kwetu baada ya viazi kuadimika Zambia kwenyewe; mapato ya aina hiyo hula mtaji wake. Wengine watauliza kutazama maua kunazuia nini, ikiwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini unaohusu okidi zote, haujayazuia magunia. Ugumu mmoja wa kuyazuia ni kwamba kiazi kikishatenganishwa na shina ni vigumu kujua ni cha okidi ipi. Watafiti wamelazimika kupima vinasaba. Kwa macho matupu, ua ndilo linaloitambulisha okidi, na anayejua kusoma mimea hiyo porini vizuri ni mchimbaji mwenyewe. Wageni wakipanda kona 57 kutoka Chimala hadi Matamba kwenda Kitulo, yeye ndiye wa kwanza anayestahili kulipwa awaongoze.